Buti za Mama na Maji ya Tarach

Mpendwa Mama,

Watu bado wananiuliza habari za buti zako. Juzi aliniuliza mama mmoja kwenye benchi la wagonjwa hapa Lodwar, mama wa Kakuma aliyekuwa akikuona ukienda nazo kanisani. Hakuuliza uliumwa nini wala ulizikwa wapi. Aliuliza, "Ile birato ya mama yako, ile buti yake ndefu, kweli ilikuwa inazuia maji?" Nikamjibu kwamba ndiyo, ilizuia. Kisha jina lake likaitwa, nikaingia naye kwa daktari kumtafsiria, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini jibu lenyewe ni refu kuliko ndiyo, na mtu ninayetaka kumpa lote ni wewe. Miguu ilikuwa yako, ila mambo yake mengi niliyajua mimi kabla yako.

Ilianza kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi, siku daktari alipokugusa nyayo kwa ncha ya kalamu. Alikuwa kijana wa Kitale, mpole, anayeongea taratibu. Alikwambia ufumbe macho na useme kila ukihisi kitu. Nikakutafsiria kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Akagusa kisigino, akagusa chini ya kidole gumba, akapita pembeni mwa unyayo wote, akarudia na mguu wa pili. Ulikaa umefumba macho, mikono juu ya mapaja, umetulia kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mwisho ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Ataanza saa ngapi?"

Alikuwa amekwisha kumaliza.

Akatueleza kwamba sukari ilikuwa imekula hisia za miguu yako. Akatuonyesha kidonda pembeni mwa kisigino cha kushoto ambacho hata hukujua kipo. "Mwambie mama miguu yake ikae mikavu," akasema. "Tope na maji machafu visiguse hicho kidonda. Na asitembee peku, hata ndani ya nyumba." Nikakwambia yote kama yalivyo. Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa kambini: kusema kilichosemwa, bila kuongeza wala kupunguza, hata kama anayeambiwa ni mama yako. Wadogo zangu wa kike wanasema kazi hii imenifanya niwe mkavu. Inawezekana.

Kwa miezi mingi Kakuma haihitaji msaada wa mtu kukausha kitu. Nguo ulikuwa ukizianika juu ya ua wa miti ya miiba ya mathenge, na kabla hujamaliza beseni, zile za kwanza zimekauka. Lakini sisi tulikaa karibu na laga ya Tarach, na wewe unajua ule mto wa mchanga ulivyo. Watu wanaupita kwa miguu mwaka mzima, mbuzi wanalala humo, vijana wanachezea mpira. Halafu mvua inanyesha milimani huko upande wa Uganda, sisi jua linatuwakia, na mara maji yanateremka rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti. Siku za mvua njia yetu kutoka mlangoni hadi bombani iligeuka tope lililochanganyika na maji ya vyooni. Na wewe ulikuwa na ndala.

Buti nilizipata kwa Ekal, yule Mturkana aliyekuwa akitandika turubai lake la mitumba karibu na barabara kuu. Zilikuwa zimesimama peke yake nyuma ya marundo ya suruali. Ndefu, karibu zifike goti, chini mpira mzito na juu ngozi rangi ya majani makavu, na kwenye ulimi wa kila moja kulikuwa na picha ndogo ya bata anayeruka.

"Ejok, dada," akanisalimia. "Hiyo ilitoka Lokichar. Mama mmoja mzungu wa kampuni ya mafuta aliwacha akaenda kwao. Ni kiatu ya kuwinda bata. Mtu anasimama ndani ya maji tangu asubuhi, bata ikikuja anapiga. Mguu yake haioni maji hata kidogo."

Nikamuuliza ni nani anawinda bata Turkana. Akacheka. "Hakuna. Ndio maana imekaa hapa."

Tukaizamisha moja kwenye karai lake, tukaikandamiza na jiwe, tukaongea mambo mengine. Tulipoitoa nikaingiza mkono hadi kwenye vidole. Kavu kabisa. Nikarudi nyumbani nimezibeba begani, nikidhani kazi imeisha.

Uliziona ukiwa unatwanga sombe, majani ya muhogo. Ukaacha mchi ndani ya kinu. "Toa iyi kintu mu nyumba yangu," ukasema, ukashika mchi tena.

Sikuuliza kwa nini. Buti za namna ile, ndefu, za kufunga kamba mbele, tuliziona pamoja kule kwetu Fizi, Kongo, kwenye mlango wetu, usawa wa macho, kwa kuwa wewe na mimi tulikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa mdogo. Nyuso za wale askari sizikumbuki. Nakumbuka kamba, na kwamba za mmoja wao zilikuwa zimefunguka. Baba alikuwa nje. Haya hatukuwahi kuyazungumza, na sidhani kama tulihitaji.

Nikaziweka nje, chini ya bati la jikoni. Zikakaa huko mpaka mvua ya kwanza. Siku hiyo ulisimama mlangoni kwa muda, ukiangalia maji yanavyopita uani, kisha ukaangalia ndala zako, kisha buti. Ukaingia ndani ukafungua sanduku, ukatoka na kipande cha kikwembe chako cha manjano, kile kilichobaki uliposhona nguo ya Pasaka.

"Leta sindano."

"Mama, hapana. Ukitoboa tu, maji yanaingia."

"Kumbe?"

"Kila tundu ni mlango."

Ukafikiri. Ukakivisha kile kitambaa juu ya ngozi kama soksi, ukakifunga kwa utepe chini ya goti na tena kwenye kifundo, mguu mmoja kisha wa pili. Ukarudi nyuma kidogo ukazitazama. "Sasa haiko ya askari," ukasema. "Iko ya mama."

Nikataka kuhakikisha kabla hujaingia nazo kwenye tope. Nikakuwekea ukurasa wa gazeti ndani ya kila buti, ukazivaa, ukasimama ndani ya karai la maji uani ukimenya ndizi, na mimi nikawa naongeza maji kwa jagi. Majirani walitoka kutazama. Baba Divine, yule Mrundi wa nyumba ya pili, akauliza kama tunakuosha au tunakupika. Ulipomaliza ndizi ukatoka kwenye maji, nikakuvua, nikatoa karatasi. Ungeweza kuisoma.

"Iko namna gani?" ukauliza.

"Mikavu."

Ndivyo tulivyoanza. Tangu siku ile, kila jioni ulikaa kwenye kiti chako cha kamba, ukanyoosha miguu, nami nikaingiza mkono ndani ya buti, kisha nikapitisha kidole katikati ya vidole vyako, ukaniuliza habari za miguu yako kama unavyomuuliza mtu habari za ndugu aliye mbali. Leo iko namna gani? Nami nikakujibu.

Jumapili ya kwanza nikajifunza kitu ambacho Ekal hakukijua, au alikijua akanyamaza. Ulikwenda nazo kanisani chini ya jua kali, ardhi imekwisha kukauka, kwa sababu ulitaka tu kuonekana nazo. Wanawake wa kwaya walikuzunguka. "Mama Riziki, unakwenda kuwinda nini?" Nawe ukawajibu bila kucheka, "Niko nawinda Bwana." Sasa kila mmoja akaelewa alivyotaka, Bwana wa mbinguni au bwana wa nyumbani, na mchungaji akalazimika kusubiri vicheko viishe ndipo aanze sala. Lakini tuliporudi nikakuvua, na soksi zilikuwa zimelowa kama zimetoka kwenye beseni. Hapakuwa na tone la maji njia nzima. Ilikuwa jasho lako. Ule mpira uliozuia maji kuingia ulizuia pia jasho kutoka, na ngozi ya vidole vyako ilikuwa nyeupe, imekunjamana.

Nikakwambia kama ilivyokuwa. Ukashangaa. "Lakini mvua haikunyesha."

Basi tukajua mipaka yake. Siku za jua ulivaa raba laini. Buti zilikuwa za tope na maji tu, na hata hapo si zaidi ya muda wa kwenda na kurudi, na soksi za pamba, nyeupe, za kubadilisha. Zikitoka mguuni nilizijaza matambara makavu, na asubuhi nikazitundika kichwa chini juu ya miti ya ua. Kwa utaratibu huo kidonda cha kisigino kilifunga. Daktari alikitazama, akakibonyeza pembeni, akasema "vizuri" mara mbili. Ile ya pili sikuitafsiri, ulikuwa umeshaielewa.

Halafu ikaja ile siku ya mafuriko. Ilikuwa alasiri. Tulisikia kelele upande wa laga kabla ya kuona chochote, na wakati nakufunga kamba, maji yalikuwa yameshaingia chini ya mlango. Kuta za matofali ya udongo zinayeyuka kwa haraka ambayo mtu hawezi kuiamini mpaka aione. Tukatoka kuelekea shule, kule juu. Watu wote walikuwa peku, viatu mkononi au vimechukuliwa na maji. Mimi sikuwa naangalia njia. Nilikuwa naangalia ukingo wa buti zako, ule utepe wa juu, na maji yaliyokuwa yakipanda kuufuata. Yalifika kwenye kifundo. Yakafika katikati. Nilijua kitu kimoja tu: yakipita juu ya ukingo, kiatu kisichopitisha maji ndicho kitakachoyashika humo ndani, na utatembea na laga nzima mguuni bila kujua.

Mbele ya shule kuna mtaro. Baba Divine alitangulia kuupima, ukamfika juu ya magoti. Akarudi. "Mama, panda mgongoni."

"Miye niko muzito."

"Nimebeba magunia mazito kuliko wewe. Panda."

Ukapanda. Akakushika mapaja, nawe ukanyoosha miguu yote miwili mbele, pande zote za kiuno chake, moja kwa moja, buti na kikwembe chake cha manjano vikielea juu ya maji machafu. Watu waliokuwa wamepoteza nyumba muda ule ule walisimama kwenye baraza la shule wakakucheka, nawe ukawapungia mkono. Sijui ulipata wapi moyo wa kupunga. Mimi nilikuwa nyuma, maji mapajani, nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Darasani nilikukalisha kwenye dawati nikavua. Soksi ya kushoto ilikuwa kavu. Ya kulia ilikuwa na unyevu kwenye vidole. Wewe ulikuwa ukinitazama usoni, kwa sababu usoni kwangu ndiko ulikozoea kuisomea miguu yako. Nikaisogeza soksi dirishani penye mwanga. Nyeupe. Maji ya Tarach yangeacha rangi. Nikainusa, ikanuka mtu.

"Jasho," nikasema.

"Aksanti Yesu," ukasema, ukaomba uletewe chai.

Wiki zilizofuata wengi katika kitongoji chetu waliumwa miguu, vidonda vya tope, mba wa vidole, kucha zilizooza. Wewe hukuumwa. Kama hadithi ingeishia hapo, jibu langu kwa yule mama wa benchini lingetosha.

Mafuriko yalipopungua, nge walitoka kwenye mashimo yao kutafuta pakavu. Walipanda kitandani, waliingia kwenye sufuria. Na mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwetu palikuwa ndani ya buti zako. Nilikuwa nikizikung'uta kila asubuhi. Siku moja niliitwa kazini mapema, ukazivaa mwenyewe, ukaenda foleni ya chakula, ukasimama, ukarudi, ukapika, ukamtembelea mama mgonjwa. Jioni nilipoingiza mkono nikagusa kitu kikavu kilichovunjikavunjika. Nikakigeuzia chini. Alikuwa nge mkubwa, mweusi, amelala bapa kama jani kwenye Biblia. Ulikuwa umetembea juu yake kutwa.

Ukamwangalia pale sakafuni. "Masikini," ukasema. Sikujua unamsema yeye au unajisema.

Hakukuuma kwa mkia wake, au kama alikuuma hakuna aliyejua. Lakini magamba yake yalikuwa yamekukata chini ya kidole kidogo, na kwa vile mguu ulikuwa na jasho, pale pakaanza kuoza kabla hatujaamka kesho yake. Dawa za kambini hazikushika. Mguu ukavimba hadi kwenye kifundo. Wakatuandikia kwenda hospitali hapa Lodwar, tukapewa kibali cha safari, tukapakiwa kwenye gari la wagonjwa, wewe umelala umeshika mfuko wenye buti. Nilikwambia tuziache. Ukasema huko kunaweza kunyesha.

Daktari wa wodini alikuwa mwanamke wa makamo, mchapakazi, hakupenda maneno mengi. Alifungua bandeji, akatazama, akaanza kuongea na mwenzake kwa Kiingereza. Kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili kwamba uvimbe usipopungua, itabidi kukata chini ya goti ili wakuokoe. Nikafungua mdomo nikutafsirie.

"Usitafsiri," ukaniambia. "Nimesikia."

Ukamuuliza mwenyewe. "Daktari, unaweza ngojea?"

"Ningojee nini, mama?"

"Minaomba siku kidogo tu. Kama haisikii dawa, utakata. Sitalia."

Yule daktari akairudishia bandeji. Akasema atangoja, na kwamba kila asubuhi atakuja kuangalia yeye mwenyewe. Akaja kweli. Ulikaa na mguu umeinuliwa juu ya mto, nami nikakupangusa na kukupepea kwa kipande cha katoni, hewa ipite katikati ya vidole, kwa kuwa kwenye joto la Lodwar hata bandeji inatoa jasho. Hukuzungumza mambo ya mguu. Ulinifundisha wimbo wa kwaya, sauti ya pili, ukanisahihisha mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaujua kabla yangu.

Uvimbe ulishuka. Mwishowe walikata kidole kidogo tu. Ulipoamka ulimwita daktari ukamshukuru, ukamwambia, "Ile kidole haikuwa na kazi." Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona yule daktari akicheka.

Uliishi baada ya hapo. Tulihamia Kalobeyei, mbali na laga, ulipanda mchicha, ulimaliza kunifundisha sauti ya pili. Presha ndiyo iliyokuchukua, asubuhi moja ukiwa unaunda tuta la bustani. Wanawake wa kanisa walikuja kukuosha. Niliwaomba waniachie miguu. Nilikuosha, nikakukausha kwa taulo, nikapitisha kitambaa katikati ya vidole vyote vilivyobaki, na mmoja wao akaniambia kwa upole kwamba sasa si lazima. Nilimsikia. Nikaendelea mpaka nikamaliza. Ulishuka kaburini na miguu yako miwili, Mama. Sukari iliitaka, tope liliitaka, nge aliitaka, na ulikwenda nayo.

Sikulia siku ile, na wadogo zangu walilisema hilo. Mimi mwenyewe nilidhani ni kazi yangu, kwamba nimezoea kupitisha maneno ya watu bila kuyashika.

Leo asubuhi mvua ilikuwa imeijaza barabara ya hospitali. Nikatoa buti zako chini ya kitanda, nikazikung'uta, nikazivaa kwa mara ya kwanza. Wewe ulikuwa na mguu mdogo kuliko wangu, sikuwahi kulifikiria hilo. Maji haziingizi bado, ingawa mpira wa kisigino cha kulia umeanza kufanya nyufa, na sidhani kama zitamaliza mwaka. Lakini zilinibana. Mshono wa ndani ulinikwaruza kifundo, kokoto ikaingia njiani ikakaa chini ya unyayo, vidole vikaungua, na nilihisi kila kitu, kila hatua, mpaka getini. Nikasimama pale kwenye maji nikalia hadi mlinzi akatoka kuniuliza kama nimeumia.

Nikamwambia ndiyo, viatu vinaniuma. Akasema, "Si uvue?"

Sikuvivua. Nilifanya navyo kazi kutwa.

Kaa kwa amani huko uliko, Mama. Wadogo zangu wanakusalimu, na Baba Divine pia, ambaye anasema mgongo bado unamuuma na anakudai pole.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Riziki